Kitenge cha Chatu

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilianza na baiskeli ya kubebea ndizi, leo ninaishi kwangu Bakoba na nina vyumba vya kupangisha Kashai, mitaa ya Bukoba hii hii, na shule yenyewe niliishia darasa la tano. Nimeona waliosoma wakifilisika na sisi tusiosoma tukipandisha kuta. Kwa hiyo juzi wapangaji waliponipigia simu, wanapiga kelele wote kwa pamoja, nilivaa viatu taratibu.

Nilimkuta mama muuza maandazi, mpangaji wa chumba cha mbele, ameshika kiuno.

"Baba mwenye nyumba, sisi panya tunawawekea sumu, huyu kijana wako anawawekea kitanda!"

Kijana mwenyewe, mpangaji wa chumba cha nyuma, alikuwa amesimama kando kama mtu aliyefumaniwa. Ndani kwake kulikuwa na mabeseni yaliyofunikwa wavu, yamejaa panya weupe pe, macho mekundu, wakubwa kwa wadogo. Aliniambia anawafuga awauze kwa bwana mmoja nje ya mji anayefuga chatu. Wote wakanitazama, wakingoja nimfukuze. Mimi nikachuchumaa, nikamwinua panya mmoja kwa shina la mkia, nikamgeuza.

"Madume umewachanganya, watang'atana. Na haya maranda yamelowa, ndiyo maana nyumba inanuka. Badilisha."

Kijana akatoa macho. "Mzee, wewe umejulia wapi haya?"

Nimejulia wapi! Sogea na wewe msomaji, nikusimulie.

Nililelewa Ijumbi, kule Muleba, kwa bibi na babu. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, migomba mbele, mibuni nyuma, na jiko la nyasi pembeni ambalo lilifuka moshi kutoka asubuhi mpaka tunalala. Jirani yetu wa chini alikuwa mwenye nyoka. Ndivyo tulivyomwita, mwenye nyoka. Alikuwa na chatu wawili aliokuwa akiwapeleka minadani, anajizungushia shingoni, watu wanapiga makofi na kutoa chochote. Chatu hao walihitaji kula, na panya wa vibanjani hakuwataka, maana watu walikuwa wanawatega kwa sumu, na chatu akimeza panya mwenye sumu, onyesho limekwisha. Akaja kwetu na panya weupe watatu, akaniuliza kama naweza kuwazalisha.

Kama naweza! Mwezi haukupita, watoto wakajaa kwenye kasha, wekundu, hawana nywele, kama vidole vya mtoto mchanga. Niliwatandikia majani makavu ya migomba, nikawapa maganda ya ndizi, muhogo, punje za mahindi na vichwa vya dagaa. Nilibandika bati la debe pembeni mwa kasha ili wasitafune mbao. Kijijini kote hakuna aliyekuwa na mifugo inayozaa kama yangu. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na ng'ombe mmoja, aliyezaa mara moja tu. Mwenye nyoka alinilipa peremende na sabuni, na siku nyingine aliniacha nimshike chatu mkia.

Bibi, mtu wa rozari asubuhi na jioni, hakupenda. "Mwana wange, nyoka aliyemfukuzisha Hawa bustanini, wewe ndiye mpishi wake?" Lakini akiniona nimesahau, alikuwa anawatupia maganda mwenyewe.

Sasa ukaja msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Leo senene wananaswa kwa taa na mabati, wanauzwa kwa makopo. Wakati ule wanawake walitoka alfajiri, umande umewaloweka mpaka magotini, wakawaokota kwenye nyasi mmoja mmoja. Na nyumbani kwetu mila ilikuwa moja: mwanamke anakamata, anatoa mabawa na miguu, anakaanga, anakausha, na yeye haonji hata mmoja. Wote wa mume. Mume naye akishakula, anamnunulia mkewe nguo mpya. Babu alikuwa akisema, "Aliyekula senene, alete nguo." Na nguo hiyo ndiyo aliyovaa bibi Misa ya Krismasi. Mwaka ule alikuwa amekwisha kuichagua, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, alikiona dukani Muleba. Alikitaja kila siku, hata kwa mbuzi.

Aliokota senene kikapu kizima, akawakaanga, akakitundika juu ya meko wakauke. Na kasha langu lilikuwa hapo hapo jikoni, kwa ajili ya joto.

Asubuhi tulisikia, "Maawe!" Tukakimbia. Kona moja ya kasha, ile isiyo na bati, ilikuwa imetobolewa. Panya walipanda nguzo, wakateremka na kamba. Kikapuni hamkuwa na senene hata mmoja. Mlikuwa na panya wangu, matumbo juu, wamelala kama wageni wa arusi.

Babu alichungulia kikapu, akasafisha koo. "Sikula senene, sinunui nguo. Mila ni mila." Akaenda zake kukata mkungu. Bibi akakaa kwenye kigoda, akakipakata kikapu. Bibi akiketi hivyo, hata kuku walijua kuna jambo.

Ndipo mwenye nyoka akatokea, anataka panya wake.

"Jirani," bibi akamwambia, "hao panya wamekula senene wangu. Ukiwachukua, umechukua na senene."

Mwenye nyoka akacheka. "Mama, sasa niwatapishe?"

"Wachukue tu, waitu, ndugu yetu."

Akawachukua. Bibi akajifunga kanga, akawaita wanawake wa jirani, wote tukamfuata mpaka uani kwake. Mwenye nyoka akatupa panya wa kwanza, chatu akambana, akammeza taratibu. Akatupa wa pili. Bibi akageuka kwa wenzake.

"Mmeona kwa macho?"

"Tumeona!"

"Senene wamekwenda wapi?"

"Kwa chatu!"

"Basi aliyekula senene, alete nguo."

Vigelegele vilipigwa mpaka chatu akaficha kichwa. Mwenye nyoka alikuwa mtu wa maonyesho, alijua kucheza na umati. Akainama mbele ya bibi, akasema, "Mama, mnada ujao chatu wangu atakuletea nguo."

Habari ilifika kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya babu. Alipoketi tu na kibuyu chake, wenzake wakaanza. "Mzee, tumesikia mkeo anavishwa na chatu!" Mwingine akasema, "Mwache, chatu hana kelele, na mchana kutwa yuko nyumbani." Babu hakumaliza rubisi. Nilimwona anapanda baiskeli, anakanyaga kuelekea Muleba kama anafukuzwa. Alirudi jua linazama, na kitenge cha bluu chenye maua ya njano, na viatu ambavyo hakuna mtu aliyeviomba.

Na mwenye nyoka naye alileta kitenge, hakuvunja ahadi. Kwa hiyo bibi alipata viwili. Siku ya Krismasi, nje ya kanisa, wanawake walimzunguka, wakamvuta kitenge. "Hiki ni cha mzee au cha chatu?" Bibi alinyanyua kidevu. "Cha mzee. Cha chatu nimekianika."

Babu alitembea pembeni yake siku hiyo, karibu kabisa, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Wote wawili wamelala kibanjani sasa. Jiko la nyasi lilianguka, mwenye nyoka alihama, uani kwake wamepanda miparachichi. Wanawake wanakula senene hadharani, na ni haki yao, ni watamu. Ila sijamwona tena mwanamke akimngoja mume ashibe ili achague rangi.

Kijana wa Kashai nilimwacha abaki, kwa sharti la kubadilisha maranda. Jioni nikamsimulia mke wangu yote haya, namimina chai, nacheka peke yangu. Yeye hakucheka.

"Baba watoto, senene wa mwaka huu nilikuokotea uwanjani, chini ya taa, mimi mwenyewe. Wako wapi?"

"Si nimekula?"

"Haya."

Kesho yake tulikuwa dukani Bukoba mjini, kisha kwa fundi. Kitenge, bitana, kilemba na ushonaji: shilingi laki moja, ishirini na saba elfu na mia tano.