Tongo Weusi wa Papa Zabuloni

Siku ya kwanza kazini sikupewa kazi. Ilikuwa mwaka 2009, nimetoka kumaliza sekondari Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda. Papa Zabuloni, Mkongo mwenzetu kutoka Uvira, alinipeleka Mbarara kwenye bustani ya chakula, ambapo wageni wanakula nje, ya bibi tuliyemwita Madamu, ambako yeye alikuwa mtunza ndege. Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya tundu kubwa, lile ambalo mtu anaingia amesimama, akasema, "Mikono weka kwa mapaja. Usiguse kitu. Angalia tu." Niliangalia siku nne. Siku ya tano akaanza kunyoosha kidole: huyu nani, na yule nani? Nikikosea mmoja, narudi kwenye kigoda.

Nawaandikia nyinyi wasichana wa Nakivale mnaoitwa sasa kwenda kutunza ndege wa watu mjini. Nina miaka ishirini na tano na mtoto mgongoni, mimi si bibi yenu. Lakini kazi hii nimeachana nayo, tena kwa hasira, kwa hiyo nitasema wazi.

Tundu lilikuwa na vyumba vitatu vilivyotengwa kwa wavu. Chumba cha kwanza kilikuwa cha shigi, ndege wadogo wenye mdomo mwekundu. Cha pili, tongo wa shaba, wenye mgongo wa kahawia. Cha tatu, tongo weusi, wenye mgongo mweusi na tumbo jeupe. Wote wanakula ulezi, wote wanajenga kwa majani makavu. Shigi ukimweka na tongo watagombania kiota tu, hawazai pamoja. Lakini tongo wa shaba na tongo mweusi ni ndugu wa karibu. Hao wanapandana, na chotara wao anaweza kuzaa pia, kwa hiyo kosa halifi na ndege mmoja, linaendelea kwa wajukuu.

Mimi sikuelewa. Nilimuuliza, "Papa, mbona wasikae pamoja? Hawapigani."

"Kama wangepigana ningekuwa na raha, mwanangu. Kupatana kwao ndiyo shida. Jike akikosa dume wa kwake, hamuulizi mwingine kabila."

Wale weusi alianza nao kwa jozi tatu alizopewa na mkulima wa Rugaaga. Alikuwa amewazalisha miaka mingi. Kila kifaranga alivishwa pete ya rangi mguuni, na kwenye daftari aliandikwa baba yake na mama yake. Kama wazazi hawajulikani, ndege huyo hazalishwi. Wafugaji walikuja hata kutoka Ngarama kuomba weusi wa Zabuloni, maana karibu wote wengine walikuwa wamechanganya. Madamu alikuwa mkali kwa kila mtu, ila kwa jambo hilo alinyamaza. "Zabuloni akisema hapana, ni hapana," aliniambia. "Mimi nasikia habari ya matoke jikoni tu."

Halafu miguu ya Papa Zabuloni ilikataa. Alirudi Nakivale, akaniachia ufunguo na daftari. "Bale beusi ni batoto bangu," alisema. "Usibapoteze." Hakuniomba kitu kingine.

Madamu naye aliugua, bustani ikashikwa na mpwa wake. Tulimwita Meneja. Wiki ya kwanza alisimama mbele ya tundu na kikombe cha chai.

"Wewe nyabo, kwa nini unafunga ndege kama iko jela? Toa hii wavu. Wageni nataka ona rangi yote pamoja."

"Watachanganyika, ssebo," nilisema, maana huku bwana anaitwa ssebo, na mwanamke nyabo.

"Wachanganyike. Bwana yako si Munyankole? Sasa hiyo tumbo yako iko na shida gani?"

Watu wa jikoni walicheka. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya Munyankole, mwenyeji wa huku. Nilimjibu, "Watu wote ni aina moja, ssebo. Hawa ni aina mbili." Alicheka yeye pia, akachukua koleo, akakata wavu mwenyewe.

Baada ya siku chache aliniita jioni nione. Tongo wote walikuwa wameingia kulala kwenye kiota kimoja, wamebanana, vichwa vinachungulia. "Ona. Nalala nyumba moja, hakuna kelele." Ndivyo tongo wanavyolala, na hapo ndipo wanapowadanganya watu. Asubuhi unakuta mayai, na huwezi kusema ni ya nani.

Vifaranga walitoka kumi na mmoja, wa kahawia wote. Tongo mchanga, wa shaba au mweusi, ni kahawia tu mpaka abadili manyoya. Kabla hawajabadili, akaja mfugaji wa Kabingo tuliyemwita Mwalimu, anataka weusi wachanga wa kuongeza damu kwenye tundu lake.

"Andika nyeusi," Meneja aliniambia.

"Sijui kama ni weusi."

"Wewe ndiye mutaalamu, na hujui? Basi nitatafuta mwenye kujua."

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka. Nilivisha vifaranga sita pete nyeusi, nikaandika wazazi nisiowajua, nikaweka sahihi. Meneja alinitisha, ndiyo. Mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Mwaka uliofuata Mwalimu alirudi na boksi lililotobolewa. Ndani mlikuwa na ndege wawili, mgongo si mweusi wala kahawia, tumbo lina michirizi. Wale sita walipokua walikuwa weusi kiasi cha kupita, kwa hiyo aliwaacha wazae na wa kwake. Kasoro zilionekana kwa watoto.

"Sasa tunduni kwangu simjui hata mmoja," alisema. Hakupaza sauti. "Na sikuwachunguza, dada. Niliona daftari la Zabuloni, nikaamini."

"Huyu Mukongo ndiye aliandika," Meneja alisema.

"Ni mimi," nikasema.

Nilifukuzwa siku ileile. Niliomba majike wawili weusi, ndio pekee waliobaki wenye pete za Papa Zabuloni mwenyewe. "Chukua," Meneja alisema. "Hizo zimezeeka."

Nilifika Nakivale na mtoto mgongoni, tundu mkononi. Papa Zabuloni alikuwa akipukuchua maharage mlangoni. Nilimweleza yote, na sahihi yangu pia. Aliinama akaziangalia pete zao.

"Una hakika na hawa tu?"

"Hawa tu, Papa."

"Madume?"

"Hakuna."

"Basi ni wawili," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Wasichana, bosi atawaambia ndege ni ndege. Atawaita wataalamu siku anapotaka sahihi yenu tu. Kama hujui, andika kwamba hujui, hata kama tumbo liko mbele. Meneja bado ana bustani, na kwa weusi wa Zabuloni wamebaki hawa majike wawili tu. Nikikumbuka hilo wakati namnyonyesha mtoto, maziwa yanagoma.

Majike wale walitaga kwangu. Waliatamia mayai matupu, maana hakuna dume, siku kumi na tano zinazotosha kuangua, wakaendelea mpaka ishirini, na moja lilipopasuka walihamia lililobaki. Jirani aliwaona akawahurumia, akaniletea dume wa shaba kwenye kikapu. "Weka huyu, maman. Hawa batakufa na huzuni."

Dume alikuwa mzuri, mwenye afya. Majike walimsikia, wakaacha yai, wakaja kwenye wavu kumwita. Nilimwambia jirani arudi naye.