Bi Hapana wa Chumba cha Mashine

Nyie wa siku hizi mnaanza kazi na simu mkononi. Sisi tulianza na Bi Hapana. Alikuwa msimamizi wa chumba cha mashine kwenye kiwanda cha uchapaji, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi getini, na kila mwanafunzi aliyeletwa kwa mafunzo alipitia kwake kwanza.

Ah, namkumbuka jamani! Hadi leo nikinusa wino mbichi moyo wangu hurudi kule. Siku ya kwanza alinivua bangili, akanifunga mtandio vizuri usining'inie, kisha akasema, "Haya, binti, niambie hapana."

"Kwa nini, mama?"

"Sema!"

Ulimi ukawa mzito. Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa anaitika ndiyo kabla hajajua anatakiwa nini. Nikanong'ona. Akacheka mpaka akashika meza. "Adabu hiyo itakukata vidole. Humu ndani kama hujaelewa, sema. Hata kwangu. Hata kwa bosi."

Wiki ya tatu bosi akaja mbio. Oda ya madaftari ya shule ilitakiwa saa sita, na fundi wa mashine ya kukata karatasi alikuwa mgonjwa. Kinga ya kisu ilikuwa imeng'olewa, inangoja kutengenezwa.

"Wewe binti, si umeona wanavyofanya? Kata."

"Ndiyo, bosi," nikajibu. Mjinga mimi! Niliwasha mashine, nikaingiza mkono chini ya kisu kunyoosha karatasi.

Mashine ikazimika. Bi Hapana alikuwa amechomoa waya ukutani, na sasa alisimama kati yangu na kile kisu.

"Huyu ni mtoto wa watu, bosi. Hakati."

"Basi wewe nenda nyumbani, na usirudi."

"Haya." Akachukua mkoba wake, akanishika mkono, tukatoka. Miaka kumi na minne ya kazi, na alimwaga unga bila hata kumaliza chai yake.

Nje nililia kwa kwikwi. "Nisamehe, mama. Nilishindwa kukataa." Nilitaka anigombeze, nipumue. Wala! Alinikunjua ngumi taratibu, akaanza kuhesabu vidole vyangu kwa sauti, pale pale barabarani, watu wakitutazama, kama mama aliyekabidhiwa kichanga. Alipofika kumi akaanza upya, na safari hii sauti yake ilikuwa inatetemeka.