Kamera Mpya na Picha ya Shosho

Kamera ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Niliitoa kwenye boksi nikaiweka kitandani, na godoro likabonyea kidogo pale ilipokaa. Nilikuwa nimefunga mlango, maana nyumba zetu Kibera zimepangana mlango kwa mlango na kitu kipya hakikawii kujulikana. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa pazia akimenya viazi. Aliniuliza kama imefika nzima. Nikamwambia imefika nzima.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimefanya kazi na kamera moja ndogo niliyoinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine. Nilipiga nayo harusi, ubatizo, kwaya, sherehe za watoto wa nasari na mazishi. Ilihitaji mwanga mwingi. Ndani ya makanisa ya mabati ilinilazimu kutumia flashi, na flashi ilikuwa na tabia yake: uso ulitoka ukiwa unang'aa, na kila kilichokuwa nyuma kilizama gizani. Wateja hawakulalamika. Nadhani walipenda hivyo. Kutu ya mabati, waya za stima, nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua, vyote vilipotea, wakabaki wao na suti zao.

Hii mpya ilikuwa ya aina ambayo wapiga picha huiita ful-fremu. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kipana, kinatoshana na ukanda wa filamu ya zamani, na kwa hiyo kamera huona vizuri hata penye mwanga hafifu. Hayo nilikuwa nimeyasoma na kuyasikia kwa wenzangu. Sikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Niliweka betri, nikapachika lenzi, nikasogeza pazia. Jioni ilikuwa imeingia na tulikuwa na balbu moja tu, tena ile ya mwanga wa manjano. Nilimwelekezea mke wangu kamera nikabonyeza. Haikutoa mlio wowote. Nilidhani nimekosea kuseti, nikabonyeza tena. Yeye aliendelea kumenya viazi. Nilipotazama kioo cha nyuma, picha zote mbili zilikuwepo.

Nilizitazama kwa muda. Nilimwona mke wangu, na nyuma yake nikaona ukuta wetu wote, na masizi juu ya mahali pa jiko, na ufa uliopita karibu na kalenda. Niliikuza picha. Alikuwa na mvi kadhaa juu ya sikio ambazo sikuwa nimeziona, ingawa nilikuwa nikilala na kuamka kando yake kila siku. Chini ya macho kulikuwa na weusi wa uchovu. Kisu kilionekana, hata tone la maji kwenye ncha yake.

“Lete nione,” akasema.

Nilimpa. Alipangusa mikono kwenye leso kwanza, akaishika kamera kwa uangalifu, akatazama.

“Hivi ndivyo unaniona?”

“Hivyo ndivyo kamera inaona.”

“Sasa umeanza kujificha nyuma ya kamera.” Alinirudishia. “Ni nzuri. Lakini hiyo usimwonyeshe mtu.”

Alirudi kwa viazi vyake. Baadaye, alipodhani sitazami, alisimama mbele ya kioo kidogo kilicho kando ya mlango, akavuta nywele za juu ya sikio, akazitazama, akaziachia.

Kazi ya kwanza niliyofanya na kamera hiyo ilitoka Kawangware. Kulikuwa na mama mmoja mzee huko, mwenye ploti, ambaye alinijua tangu nilipopiga harusi ya mjukuu wake. Wapangaji wake wote walimwita shosho, yaani bibi, nami nilimwita hivyo hivyo. Alikuwa na safu za vyumba vya mabati mbele, na nyuma nyumba ya mawe alimoishi na binti yake wa mwisho, ambaye ni mwalimu. Alinipigia simu mwenyewe. Alisema anataka picha moja, ya yeye peke yake, na nisichelewe.

Nilienda kwa pikipiki, kamera nimeificha kwenye begi la nguo za mtoto lililonunuliwa soko la Toi. Begi lilikuwa na picha ya dubu. Hakuna mtu anayenyang'anya begi la namna hiyo.

Nilimkuta sebuleni, amevaa suti ya samawati na kilemba, viatu vimepigwa rangi. Makochi yalikuwa yamefunikwa kwa vitambaa vya kufuma. Chai ilikuwa mezani tayari. Tulikunywa, akauliza habari za watoto, kisha akaniambia alichotaka.

“Nataka picha ya mazishi.”

“Mazishi ya nani, shosho?”

“Yangu.”

Nilimuuliza kama anaumwa.

“Siumwi. Niko mzee. Hivyo ni vitu viwili tofauti.”

Alinieleza kwamba majuzi walikuwa wamemzika rafiki yake wa chama cha akina mama kanisani. Watoto wa yule marehemu walitafuta picha yake kila mahali wakakosa. Mwishowe walimkata kutoka kwenye picha ya watu wengi, wakaikuza, wakaiweka juu ya jeneza. Begani mwake kulikuwa na mkono wa mtu.

“Mkono wa nani? Tuliulizana kanisa nzima, hakuna aliyejua. Tukamzika na huo mkono.” Aliweka kikombe chini. “Mimi sitaki hivyo. Nataka nikae vizuri, niangalie mbele, na niwe peke yangu.”

Nilimwomba ahamie kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Aliuliza flashi iko wapi. Nikamwambia hii haihitaji. Hakuniamini sana, lakini alikaa. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na kisanduku kidogo cha kijani kinachotafuta jicho la mtu chenyewe na kulishikilia. Kilitua juu ya jicho lake la kulia hata kabla sijamaliza kumlenga. Alipogeuza kichwa kilimfuata. Alipofumba macho kikayumba, kisha kikarudi. Kazi ambayo nilikuwa nimejifunza kwa miaka, ya kumsubiri mtu na kumwinda, ilikuwa sasa inafanywa na kile kisanduku. Sikujua kama nifurahi.

Nilimwambia anaweza kutabasamu kidogo.

“Nicheke nini? Nimekwambia ni ya mazishi.”

Katikati ya kazi tulisikia maji yakimwagika nje. Aligeuka dirishani akamwambia mpangaji fulani afunge mfereji, maji hayatoki mtoni. Hakupaza sauti. Maji yakakoma mara moja. Kisha akarudisha uso mbele akanitazama, na ule mtazamo wa mwenye ploti ulikuwa bado haujamtoka. Nilibonyeza wakati huo. Hakusikia kitu.

Nilipomwonyesha zote, aliichagua hiyo. Alivaa miwani, akaniambia niikuze, nikaikuza. Alipitisha kidole juu ya uso wake polepole. Aliuliza alama iliyo juu ya nyusi ni nini, kisha akajijibu mwenyewe.

“Ng'ombe wa baba alinipiga pembe. Nilikuwa msichana. Hapa kote kulikuwa mashamba na ng'ombe.” Alionyesha nje, kwenye mabati ya vyumba vyake. “Nilikuwa nimesahau iko.”

Nilimwambia kwamba akitaka ninaweza kulainisha ngozi kwa kompyuta, nipunguze mikunjo.

Alifikiria. “Uso acha,” akasema. “Shingo punguza.”

Nilipunguza shingo. Nilitengeneza picha kubwa, nikaitia fremu nyeusi, nikampelekea. Siku hiyo binti yake alikuwepo. Aliitazama mara moja tu, akasema, “Mum, hii ni uchuro. Mtu hajipangii mambo kama haya.” Mama yake aliifunga picha kwa shuka, akaiingiza kabatini nyuma ya mablanketi, akamwonyesha binti mahali ilipo, akanitolea chai.

Kwangu mimi ile ilikuwa picha bora zaidi niliyowahi kupiga. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu sehemu kubwa ilifanywa na dirisha na ile kamera. Niliiweka kwenye simu yangu, na mteja mpya akitaka kuona kazi zangu ndiyo niliyoanza nayo. Wengi waliitazama kwa muda mrefu, halafu wakaniuliza kama nina nyingine zenye rangi rangi.

Mwaka uliofuata binti alinipigia. Mama yake alikuwa ameugua kwa muda mfupi, akafariki. Alitaka nije kupiga picha za mazishi. Nilimpa pole, nikamwambia nitakuja.

Nilifika kanisani mapema ili nipange kazi. Jeneza lilikuwa limeshaletwa, na kando yake, kwenye stendi yenye maua, kulikuwa na picha ya shosho. Haikuwa yangu. Ilikuwa imepigwa kwa simu, kwenye sherehe ya mtu, na ilikuwa imekuzwa hadi ikapoteza makali. Shosho alikuwa anacheka mdomo wazi, kipande cha keki mkononi, kilemba kimeenda upande. Hiyo hiyo ilikuwa pia kwenye jalada la kijitabu cha ibada.

Niliumia kidogo, kama mtu aliyepika na chakula chake kikarudi jikoni hakijaguswa. Halafu watu wakaanza kuingia, nikafanya kazi. Kifungua mimba wake, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, alisoma wasifu wa marehemu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutetereka. Kutoka hapo tulienda kumzika kwenye shamba la familia, upande wa Kiambu. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulishika viatu.

Baada ya mazishi watu walikula chini ya hema. Binti alikuja na sahani akaketi kando yangu.

“Uliona hatukutumia ile yako,” akasema.

“Niliona.”

“Si eti ni mbaya. Tuliitoa ile siku tuliketi kupanga. Tukaisimamisha kwa kiti. Tulikuwa tunaongea, kila mtu na maneno yake, na tukanyamaza wote. Ndugu yangu mkubwa akasema hawezi kusimama mbele ya watu asome na mum akimwangalia hivyo.”

“Hivyo vipi?”

“Wewe ndiye ulimpiga. Unajua.” Alikula kidogo. “Kama mtu ameacha mfereji wazi.”

Sikumwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa. Nilimwambia tu kwamba mama yake aliichagua mwenyewe.

“Najua aliichagua. Nimekosa usingizi kwa hiyo maneno. Lakini yeye alikuwa anaenda. Sisi ndio tunabaki tukiangalia.”

Niliona kwamba hakuwa ananiomba ruhusa, wala radhi. Alitaka tu kuyasema kwa mtu asiye wa familia. Nilimuuliza picha iko wapi sasa. Alisema bado iko kabatini, kwenye shuka ileile. Aliinuka kwenda kuwasalimu wageni wengine.

Nilipofika Kibera niliingiza picha kwenye kompyuta. Mafaili ya kamera hiyo ni makubwa na kompyuta yangu ilihema kuyafungua, kwa hiyo nilizipitia polepole, moja moja. Kwa kuwa haina mlio, watu wengi hawakuwa wamejua wanapigwa, na nyuso zao zilikuwa zile walizo nazo wakiwa peke yao. Moja ilikuwa ya yule kifungua mimba. Nilikuwa nimeipiga nikipita nyuma ya hema. Alikuwa ameinama akikwangua matope ya viatu kwa kijiti, mbali na watu, na uso wake ulikuwa umelowa wote. Mvua ilikuwa imekwisha wakati huo.

Nilijiuliza kama niitoe. Sikuitoa. Mimi hupiga picha, si zangu kuchagua. Nilizitia zote kwenye flashi diski nikampelekea binti.

Siku kadhaa baadaye namba nisiyoijua ilinipigia. Ilikuwa ile sauti nzito. Alinisalimia, akanishukuru kwa kazi, akasema familia imeridhika.

“Kuna moja,” akasema. “Ya nyuma ya hema.”

“Naijua.”

“Hiyo ifute. Dada yangu ameshafuta yake.”

Niliifuta tukiwa bado kwenye simu. Nikamwambia nimeifuta, na kwamba sina nakala nyingine. Nilidhani amekata.

“Ilikuwa nzuri?” akauliza.

“Ilikuwa nzuri.”

“Sawa,” akasema, kisha akakata simu.