Sentimita Moja Mbele ya Taa

Mtamba mmoja wa mama watoto, miezi kumi na moja ya kusugua kioo, na lenzi ya shilingi mia tatu hamsini. Hiyo ndiyo hasara; nimeihesabu mara mbili, haipungui.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu Nyeri. Mwenye hoteli mmoja wa Nanyuki alitaka darubini ya wageni wake, nikaahidi kumtengenezea, kioo chake nikisugue mwenyewe. Akilipa, binti yetu ataingia kidato cha kwanza Januari. Asipolipa, mtamba alikuwa ameshauzwa kugharamia kazi hiyo.

Kioo cha darubini huchimbwa kama sahani, kisha katikati huongezwa kina kwa kiasi ambacho hata unywele ni mnene mno kukipima. Ndiyo maana nikabuni kipimo cha lenzi: taa nyuma ya tundu la sindano, lenzi mbele yake, mwanga uende kwenye kioo urudi, niukate kwa wembe. Lenzi ikikaa umbali sawasawa, kioo kilichokamilika huingia giza chote kwa pamoja. Kisipokamilika, utaona kilima au shimo.

Lenzi ilitoka kwenye projekta mbovu, kwa mzee Mhindi wa duka la miwani. Alisema mia tisa.

"Mzee, projekta nzima haifiki hapo."

"Basi nunua projekta, mwalimu." Tukaishia mia tatu hamsini.

Hesabu ilisema kutoka tundu hadi lenzi ni sentimita kumi na tisa. Sasa, mafundi wetu hawaamini ncha ya tepu kwa sababu imelegea. Huanza kupima kwenye moja. Nikadhani seremala wa kunikatia ubao wa kushikilia lenzi atanipunja hiyo moja, nikamwandikia ishirini. Yeye akaanza kwenye moja na kukata kwenye ishirini na moja, kama siku zote. Ubao ulipofika niliupima mara mbili. Ishirini, ishirini. Sawa na nilivyomwandikia kwenye karatasi. Hesabu yenyewe, ile ya kumi na tisa, sikuirudia.

Kioo kikaingia giza chote kwa pamoja. Nilimwita mama watoto aje aone.

Jioni moja kule Nanyuki tukaielekeza darubini kwenye Zohali, sayari yenye pete. Mwenye hoteli akachungulia kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hii ni pete ama ni chapati imemwagikiwa chai?"

Nilirekebisha darubini mara nane, pete haikutokea. Akafunga koti. "Ukipata ya kuonyesha pete, niko."

Usiku nikairudia hesabu: lenzi ilikaa sentimita moja mbali mno na taa, nami nilikisugua kioo kufuata kosa hilo. Kesho yake nikaenda kwa seremala, ubao kwapani.

"Ati uliniongezea moja?" akasema. "Na mimi si niko na yangu?"

"Uliiweka juu ya yangu."

"Na haukupima?"

"Mara mbili."

Hakucheka. Akapuliza vumbi kwenye randa. Kukisugua kioo upya kulitaka miezi minne, na Januari ilibakisha wiki tano.

"Fundi," nikamwambia, "wewe umeoa kabla yangu. Mama watoto ananingoja, anadhani nimerudi na pesa. Nianzie wapi kumwambia?"