Kole ya Kumpandisha Mama Mkwe

Mto ulipoanza kuula ukuta wa nyumba ya mama mkwe wangu kule Nyakiyumbu, mke wangu aliacha kabisa kuipenda mvua. Likidondoka tone moja tu hapa kwetu Bwera, simu iko sikioni: "Mama, maji yamefika wapi?" Tukamsihi mama ahamie kwetu. Akakataa katakata. Alale nyumba moja na mkwe wake, ukuta kwa ukuta, anisikie hata nikikohoa? Aibu gani hiyo! Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hata tukiwa uani pamoja, salamu yangu ilimfikia kupitia kwa binti yake.

Nikasema basi, mimi na mke wangu tutahamia darini, mama akae chini. Weee! Nitembee juu ya kichwa cha mama mkwe? Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ikabaki njia moja: mama apande juu, awe na ngazi yake ya nje na mlango wake, tusipishane. Akakubali, ila kwa sharti: "Mwambie mume wako, mbao ikilia mara moja tu, mimi narudi kwa mto wangu." Na mama mkwe wangu, Mungu amtunze, si mwepesi.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ili mtu aweze kusimama darini, tulikuwa tumeng'oa viguzo vilivyobeba mapao ya paa katikati. Mapao yenyewe, yaliyoshikilia pia sakafu ya darini, yalikuwa ya mkalitusi uliokatwa mbichi, yakakauka na kupasuka kwa urefu. Fundi wangu, Mkongomani wa Butembo mwenye mdomo kuliko nyundo yake, alisema kila pao lipewe ubao ubavuni, vifungwe pamoja kwa bolti na "ile kitu ya kubandika". Gundi gani sasa? Tukagombana. Mimi nilitaka ile nyeupe ya mbao niliyoizoea. Yeye alinyooshea kidole ile ya makopo mawili, unayochanganya mwenyewe. Mke wangu, bila kuulizwa, akatetea ile ya njano ya washona viatu, eti sandali zake hazijawahi kuachia.

"Basi tuzipime!" nikasema kwa hasira. Tukagandisha vipande vya mbao, kila gundi na vyake, tukavining'iniza darini na mawe mazito. Mchana kule juu, chini ya mabati, unaweza kuoka mkate. Ya viatu ikaanza kuteleza polepole kama mtoto anayetoroka kanisani. Yangu ikavumilia, ikavumilia, halafu jiwe likaanguka puu! Ya makopo mawili haikutikisika. Fundi akacheza peke yake huku anaimba kwa Kifaransa, nami nikamchukia kidogo.

Lakini mama mkwe, aliyekuja kukagua, akanusa yale makopo na kukunja pua. "Mwambie mume wako, maji inanuka hivi haiwezi kushika mutu."

Siku ya kazi fundi alikuwa juu, ameusukuma ubao kwenye pao kwa bega. Sisi chini, mimi, mke wangu na mama mkwe aliyenipa mgongo kwa heshima, tulikuwa tunachanganya gundi kwenye kopo kwa mwiko wa jikoni. Ghafla fundi akapaza sauti: "Kole! Kole! Mbio, shefu!"

Sasa, kwa Kikonzo ukiambiwa "kola", unaambiwa fanya kazi. Na Kikonzo chetu na Kinande chake ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo sisi tulijua anatuhimiza tu.

"Tunakola!" mke wangu akajibu.

"Kole!"

"Tunakola, kwani huoni?" Nikakoroga kama mtu anayesonga ugali wa harusi. Kopo likapata moto. Likaanza kutoa moshi.

"Kole, jamani! Bega yangu iko inakufa!"

"Huyu mtu ana adabu kweli?" mama mkwe akafoka, na kwa hasira akasahau kumtumia binti yake. Aliniuliza mimi, uso kwa uso. Mimi nilikuwa navutana na mwiko, uliosimama wima ndani ya kopo na haukubali kutoka.

Fundi akashuka, akaona, akashika kichwa. "Kole, mutu wangu! Ile kitu ya kubandika! Munaiita aje?"

"Gundi," nikasema.

Kisha mke wangu akapasuka kwa kicheko, na sisi wote nyuma yake, mpaka majirani wakachungulia. Kumbe kazi fundi aliijua kwa Kinande, ila gundi alijifunza kwa Kifaransa! Mama mkwe alijifuta machozi kwa kitenge, akashika mpini wa mwiko, akalipigiza kopo kwenye jiwe la kufulia. Mwiko ukavunjika. Gundi haikuachia hata chembe. Ule mwiko mwingine, wa mkwe na mama mkwe, ulikuwa umeshavunjika dakika chache kabla, lakini akakumbuka adabu na kumgeukia binti yake. "Mwambie mume wako, hii ndiyo nataka kwa mbao yangu."

Iliyobaki tuliichanganya kidogo kidogo juu ya kipande cha bati, isipate moto, na safari hii fundi akiita kole, anapewa kole. Wiki iliyofuata mama akahamia na godoro lake na kuku wake. Ngazi ililia. Mbao hazikulia.

Halafu ikaja mvua kubwa, alasiri, na upepo wa milimani. Mke wangu alitupa kisu na muhogo, akaikamata simu kama alivyozoea. Simu ikaita. Ikaita juu ya vichwa vyetu.

Tukatazamana.

"Mama," akasema, macho kwenye dari, "maji yamefika wapi?"

"Maji?" Tulimsikia simuni, tukamsikia na juu. "Maji iko Nyakiyumbu. Mimi niko hapa kwa kole yangu." Kisha akapiga kisigino sakafuni, na sauti ikapita moja kwa moja kwenye mbao, bila simu na bila binti: "Na wewe, mkwe! Kola chai!"

Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nikaenda kuikola chai.