Kuku wa Makaribisho

Mama yangu hali kuku. Juzi, baridi ilipotubana hapa Liège, nilimchemsha mmoja kwa kitunguu na chumvi tu, bila mbwembwe, kama kule nyumbani. Kabla mchuzi haujatokota vizuri mama alikuwa ameshafungua madirisha yote, theluji ikaingia mpaka kwenye zulia. Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, na ile harufu, ndugu yangu, ikanibeba mzimamzima ikanitupa Likasi, uani kwa bibi mzaa baba, mwaka ule tuliokwenda kusalimia.

Kama ulikulia ugenini unajua safari zile zilivyokuwa. Masanduku yamefungwa kamba, ndani nguo za mitumba zilizopigwa pasi mpaka zikasahau kwamba ni mitumba. Baba kavaa suti kwenye gari la kukodi kutoka Lubumbashi, jasho linamtiririka, lakini koti halivui, maana mtu wa Bulaya, wa Ulaya, lazima aonekane. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wa miaka ile walikuwa wagonjwa kweli. Kampuni ya shaba iliyowalisha unga tangu enzi za babu ilikuwa hoi. Maduka yalikuwa na rafu na vumbi tu. Hata moshi wa viwanda, uliokuwa ukiwakera akina mama kwa kuharibu nguo kwenye kamba, ulikuwa haupo, na akina mama wakawa wanaulilia.

Mimi nilikwenda kuona binamu na kula miwa. Baba alikwenda kuonekana. Mama alikwenda kwa jambo moja tu, kumwona mama yake.

Nikueleze, maana vijana wa leo hawaambiwi. Mwaka ule watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, hata waliozaliwa Likasi na kuwazika wazazi wao Likasi, walikuwa wanafukuzwa warudi kwao, kana kwamba walikuwa na kwao kwingine. Bibi mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa amekaanga maandazi mtaani Kikula tangu mama hajazaliwa, na nusu ya mji ilinenepa kwa mkono wake. Sasa alikuwa akilala kwenye uwanja wa stesheni chini ya turubai, yeye na sufuria zake, akingoja treni isiyo na ratiba.

Njiani, pale Kapolowe, tulisimama kununua samaki wa moshi. Mama aliwachagua kwa kuwanusa matumboni, akamrudishia muuzaji kila aliyemtilia shaka, mpaka yule mwanamke akacheka. "Mama, unachagulia nani? Bwana arusi?" Mama naye akacheka, mara ya mwisho katika safari ile. "Nachagulia mama yangu. Iko na njia murefu. Hii haitaoza."

Tulipoingia mjini dereva alimwambia baba kwamba kichwa cha treni kilikuwa kimefika asubuhi. "Banapakiza bantu. Leo leo inatoka." Mama akamshika baba mkono. "Twende ku gare kwanza." Baba akaitazama saa yake, akautazama mji wake, akasema kumpita mama yake mlangoni bila salamu ni kumtukana mbele ya mtaa mzima. Tungeshuka, tungesalimia, tungeondoka. Gare, yaani stesheni, ilikuwa pua na mdomo na pale.

Bibi mzaa baba alitupokea kwa vigelegele. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono laini kwa ajabu, na alinukia sabuni ya mawese. Nilimpenda, na sitamkana leo. Uani kwake kulikuwa kumefagiliwa mpaka alama za ufagio zilionekana kama nywele zilizochanwa. Kulikuwa na sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa, kulikuwa na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, baridi ndani ya ndoo. Na kulikuwa na jogoo mwekundu amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko.

Sasa sikiliza desturi. Mgeni wa mbali anachinjiwa kuku, na hatoki kwenye kiwanja kabla hajamla. Kuku hachinjwi mpaka kaka mkubwa wa ukoo awepo, maana firigisi ni yake. Na kama mkwe ndiye aliyekuja, bukari, yaani ugali, anausonga yeye, mbele ya macho ya mama mkwe.

Mama alipiga magoti akasalimia, kisha akaomba. "Mama, miye naomba niende ku gare mara moja tu. Nitarudia, nitasonga bukari."

"Weye unatoka Bulaya na unasahau adabu?" Bibi alisema huku akitabasamu. "Bageni habatokake mu lupango mbele ya kula. Ikala, mwanangu. Treni ya hii inchi haijuake saa."

Mama akamtazama baba. Baba akaangalia viatu vyake. "Tukule kwanza," alisema. "Itakuwa mbio mbio tu."

Kaka mkubwa wa ukoo alikuwa anaishi mtaa wa Panda, mtoto akatumwa kwa miguu kumwita. Alipofika ilibidi asalimiwe, anywe maji, asimulie mguu wake unaouma. Ndipo jogoo akachinjwa. Kisha ikaonekana unga hautoshi, na kinu cha umeme hakikuwa na umeme, kwa hiyo mama akapewa mchi. Alitwanga akiwa amevaa nguo zake za safari, na kapu la samaki lilikuwa karibu na mguu wake, hakuliachia mtu. Sisi watoto tulicheza karibu yake. Nakumbuka kwamba hakulia, na nilidhani basi mambo si mabaya.

Kila alipoinua kichwa bibi alikuwa na jambo. Chungio hilo lina matundu makubwa, chukua lile. Maji hayo hayajachemka. Bukari hii ina madonge, utawalisha wanaume madonge? Akaimwaga kwa kuku wa jirani, taratibu, kwa mikono ile laini, katika mwaka ambao watu walikuwa wanalala na njaa. Mama akaanza upya. Haraka haraka haina baraka, bibi alimwambia, na wanawake waliokuja kutazama wageni wakacheka kwa vitambaa mdomoni. Wote walijua nani alikuwa anangoja stesheni. Walikuwa wamekula maandazi yake.

Hatimaye tukala. Ndugu yangu, sijawahi kula kuku kama yule. Alikuwa mgumu kidogo, kuku aliyetembea, mchuzi mwepesi wenye mafuta ya njano juu, na bukari ya mama ilikuwa laini inateleza. Nilikuwa nalamba vidole nilipoisikia honi ya treni. Ilikuwa ndefu, ikakatika, ikalia tena. Hakuna aliyeacha kutafuna.

Bibi akanawa mikono. Akaikausha kwenye kitenge, kidole kwa kidole, akamgeukia mama kwa upole.

"Sasa munaweza kwenda."

Mama alikimbia, nami nikamfuata. Kwenye uwanja wa stesheni tulikuta majivu ya mafiga, mikeka, kiatu cha mtoto, na mzee mmoja akiokota makopo. Mama alisimama kwenye reli, kapu kichwani, mpaka jua likawa halituumi tena. Tuliporudi, bibi alilipokea lile kapu, akanusa. "Samaki muzuri," alisema, akawatundika juu ya jiko. "Kesho tutakula."

Bibi mzaa mama hakufika Kasai. Tulikuja kusikia kwamba aliugua njiani, akazikwa kando ya reli, mahali ambapo treni ilisimama kwa sababu tu kichwa chake kilichoka. Mahali hapo hakuna anayepajua jina.

Mama hakumlaumu baba hata siku moja. Miaka ikapita, tukakua, hata baba akaanza kufikiri yamekwisha. Kisha simu ikaja kutoka Likasi: bibi mzaa baba yuko mahututi, anamwita mwanawe. Baba akafunga sanduku huku akilia, teksi ikaitwa ya kumpeleka uwanja wa ndege. Nilikuwa sebuleni. Mama akatoka jikoni amejifunga kitenge, akaandaa meza.

"Musafiri hatokake mu nyumba mbele ya kula," alisema. "Ikala, baba ya batoto. Kuku haiyaiva."

Baba angeweza kupita. Mlango ulikuwa wazi, na mama ni mwanamke mdogo. Lakini alimtazama, akaliweka sanduku chini, akavua koti, akakaa. Alimla kuku yule, paja, kidari, mpaka shingo, machozi yakidondokea kwenye sahani, na teksi chini ikapiga honi, ikapiga tena, ikaondoka.

Mama akamletea maji ya kunawa.

"Sasa unaweza kwenda."

Likasi baba alikuta matanga tu. Leo ule ua haupo tena, wameujengea duka, na reli imeota majani. Baba naye tumemzika hapahapa, kwenye udongo wa baridi. Nimebaki mimi na mama na madirisha yake. Kuku yule wa baba nilimwonja pia, bawa moja alilobakisha. Hakuwa mtamu kama yule wa Likasi.