Jagi la Kalolaine

Wifi yangu Kalolaine alikuwa na uzito wa kilo mia moja na kumi na sita, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuona kasoro hapo. Kwetu Tonga mwanamke mwenye mwili ni mwanamke aliyetunzwa. Hata huku ugenini Mount Druitt, kanisani akina mama walipomwona anakuja walisogea kwenye benchi kwa heshima, ingawa sitasema uongo, na nafasi nayo ilihitajika. Alifanya kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee, akaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na akaamrisha nyumbani kwangu kuliko nilivyoamrisha mimi.

Sikuthubutu kulalamika. Kwetu dada ni mkubwa wa kaka yake, awe amemtangulia kuzaliwa au la, na mke wa kaka ni mtumishi wa wote wawili. Binti yangu wa kwanza alimpa jina yeye bila hata kuniangalia usoni. Nilimnunia miaka kumi na minne, kimyakimya, huku nikimpelekea chai.

Aliishi kwenye kijumba cha uani. Mume wangu Sioeli akiwa jikoni, Kalolaine haingii. Kalolaine akiingia sebuleni, Sioeli anatoka. Ndivyo walivyolelewa, kaka na dada, tangu walipobalehe. Hawakai chumba kimoja, hawataniani, na mwili wa dada hautajwi mbele ya kaka kabisa. Mjomba wangu mmoja alisema mezani kwamba Kalolaine amenenepa, Sioeli akiwa hapo. Ilibidi mjomba apeleke nguruwe mzima kuomba radhi.

Figo za Sioeli zilikuwa zimekufa kwa miaka mitatu. Siku tatu kwa wiki alilala kwenye mashine ya kusafishwa damu, na mishipa ya kuchomekea mipira ikawa inaharibika mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa pili mwaka jana daktari akatuambia umebaki mmoja mzuri, na ukishindwa huo hana kitu kingine cha kutegemea. Alihitaji figo ya mtu, na upesi. Ndugu zake wa kiume wote wana kisukari. Damu yangu haikupatana na yake. Ya Kalolaine ilipatana, tena ilipimwa kila kitu ikaonekana safi. Akasema watoe, hakuuliza hata itauma kiasi gani.

Ila uzito. Hospitali ikamwambia hawatampasua mpaka afike kilo mia moja na sita, na wakampa miezi minne. Msichana wa lishe akampa karatasi yenye idadi ya kalori za kila kitu: tango, karoti, tufaha, mchicha. Asinywe soda, asile viazi vya kwetu vilivyopikwa kwa tui, asiguse nyama ya kopo. Kalolaine akanunua daftari na mizani ndogo ya jikoni. Akaamua kwamba asubuhi na jioni atakunywa juisi ya kujitengenezea tu, na mchana samaki wa kuchemsha na majani.

Nilicheka moyoni. Nilimjua mwanamke yule, Jumapili moja aliweza kumaliza kuku mzima akiwa bado anasimulia habari za kuku mwingine. Lakini alikaza. Jumapili tulipofukua chakula kwenye tanuri ya ardhini, yeye alikaa barazani kwake na jagi lake, akiandika. Matango mawili, sitini. Karoti tatu, sabini na tano. Nusu tufaha, hamsini na tano. Jagi zima mia moja na tisini. Alikuwa akinisomea namba hizo kupitia dirishani kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la harusi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Sioeli aliona matango na karoti zinaingia nyumbani kwa magunia, akauliza ni za nini. Ningemwambia nini? Kwamba dada yake ni mnene mno hata kupasuliwa? Ningeanzia wapi? Nikamwambia dada anakunywa juisi ili kuipa figo nguvu kabla ya kuitoa. Nilijiona mjanja. Lilikuwa jambo la heshima, halikutaja mwili wa mtu, na lilimfurahisha.

Lilimfurahisha kupita kiasi. Kesho yake akaninyang'anya kazi. Akasema siku ambazo haendi kwenye mashine anakaa bure, na dada yake anatoka kufua mashuka mikono imemvimba, kwa hiyo kukamua juisi ni kazi yake yeye. Nikamwandikia vipimo kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ukutani. Siku za mashine alikamua alfajiri kabla ya kuondoka. Aliliweka jagi kwenye ngazi ya kijumba cha uani, akagonga mara moja, akarudi ndani kabla mlango haujafunguliwa. Kalolaine alilichukua, akalia kidogo, akanywa. Akaandika mia moja na tisini. Mimi wakati huo nilikuwa kiwandani nafungasha kuku, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni.

Wiki ya nne Kalolaine alikuwa na kilo mia na kumi na sita. Wiki ya saba mia na kumi na saba. Msichana wa lishe alimtazama jinsi watu wa huku wanavyotutazama, akamwuliza kama ana hakika haongezi chochote. Kalolaine akamfungulia daftari. Kila siku imo, kila karoti imo. Njiani kurudi mimi, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba anaficha mikate chini ya kitanda. Siku moja nilienda kuangalia. Nilikuta viatu na mkeka anaousuka.

Akapunguza samaki. Akapunguza majani. Hakulipunguza jagi, kwa sababu jagi ndilo lililokuwa salama.

Wiki ya kumi mkanda wa kiwandani ulikatika, tukaambiwa twende nyumbani. Niliingia jikoni saa nne asubuhi, nikamkuta Sioeli kwenye mashine ya kukamulia. Mbele yake palikuwa na mfuko wa zabibu, maembe mawili yamemenywa, tende kwenye bakuli, na chupa ya asali imesimama kichwa chini ikimiminika kwenye jagi. Juu ya vyote alikuwa anakamua bitiruti, na rangi yake nyekundu ikafunika kila kitu.

"Hiyo asali ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ya dada."

"Kwenye karatasi hakuna asali."

"Karatasi yako ni ya sungura, Vika," akasema, wala hakugeuka. "Mtu anakukatia nyama ya mwili wake, wewe unampelekea maji ya karoti? Mimi siwezi kuonja, nimekatazwa na daktari, lakini kwa macho tu niliona yale ni maji ya kuoshea vyombo. Umesema ni ya kumpa nguvu. Basi nampa nguvu."

Nikamwuliza ameanza lini. Akasema siku ya kwanza.

Alikuwa anatabasamu. Mume wangu hakuwa ametabasamu hivyo tangu aanze kwenda kwenye mashine. Nilitaka kumpiga kwa chupa ile, na nilitaka kupiga magoti. Badala yake nikasema uongo wa pili, kwamba hospitali imepiga simu, figo imeshapata nguvu ya kutosha, kuanzia leo dada anywe maji tu. Tabasamu likamtoka. Akafunga chupa ya asali, akaifuta nje kwa kitambaa, akairudisha kabatini.

Nilimpelekea Kalolaine habari akiwa bado na nguo za kazi. Akachukua daftari na karatasi ya lishe, akaniambia nitaje. Nikataja: zabibu, maembe, tende kumi, asali vijiko sita. Akaandika kila kimoja na namba yake, akajumlisha, akarudia kujumlisha. Elfu moja mia mbili na arobaini. Kila siku, wiki kumi.

"Hukusikia utamu?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya mtumishi.

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Nilijiambia karoti za huku ni tamu. Wiki ya kwanza niliamini. Baadaye nilijua kuna kitu." Akafunga daftari. "Lakini ni mkono wa kaka yangu, wifi. Ningeirudisha ngazini? Ningemwambia nini, kwamba aninyime? Kuuliza kwenyewe ni kumweleza kwa nini nauliza."

Zilibaki wiki sita. Sitaki kuzieleza sana. Alikunywa maji, akala tango, akala yai la kuchemsha. Jioni tulizunguka uwanja wa raga, yeye na sketi yake ndefu, mimi nyuma nikimshikia chupa, wavulana wakitupigia miluzi. Nilikuwa nahesabu mizunguko kwa sauti ili asiketi. Mara mbili alianguka kazini kati ya mashuka. Ngozi ya mikono ikamlegea, sauti ya pili ikamtoka nyembamba kwenye kwaya. Ninawiwa kusema kwamba ni katika uwanja ule ndipo nilipompenda. Nilikuwa nimechelewa miaka kumi na minne, na nikaogopa kwamba nimempenda ili tu nimle figo.

Siku ya kupima alikuwa na kilo mia na tano na nusu. Nilimkumbatia pale pale kwenye mizani, nesi akatuambia tushuke tutaiharibu. Tukacheka. Tukapelekwa kwa daktari, tukiwa bado tunacheka, na daktari hakucheka. Alikuwa na majibu ya damu.

Akasema sukari imepanda. Kalolaine akamwambia haiwezekani, hajagusa kitu kitamu wiki sita. Daktari, mtu mpole, akaeleza kwamba kipimo kile hakiangalii jana wala juzi, kinaangalia miezi mitatu nyuma. Kisukari kimeanza. Mtu wa namna hiyo hawezi kubakiziwa figo moja, hawaruhusiwi kumpasua. Nikamwuliza kama ni juisi. Akasema hakuna anayeweza kuapa, ukoo wetu unacho, pengine kilikuwa njiani hata bila juisi. Labda waangalie tena mwaka ujao.

"Huo mwaka ujao, kaka yangu hana," Kalolaine akasema.

Daktari akamwandikia karatasi ya dawa za sukari.

Kwenye gari, karibu na nyumbani, akaniambia Sioeli asijue juu ya juisi, leo wala siku nyingine yoyote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni rahisi. Nani angemwambia? Sukari ya dada iko kwenye mwili wa dada. Mwiko uleule uliotuua ungetulinda.

Sioeli alikuwa amelala ubavu, mkono wenye mshipa umeegemezwa kwenye mto. Nikamwambia haitawezekana. Akauliza ni madaktari waliokataa au ni dada yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote isipokuwa hilo. Nikisema ni madaktari, atauliza wameona nini. Nikitaja damu nimetaja mwili wa dada, na nikitaja sukari, huyu mtu si mjinga, ataikumbuka chupa ya asali. Nikatafuta uongo wa tatu, haukuja. Nikanyamaza, na ukimya ule yeye akauelewa vyake.

"Basi," akasema. "Mwambie sina kinyongo. Kisu kinatisha. Mwambie namshukuru kwa kufika hapo alipofika."

Nilivuka uani na maneno hayo. Kalolaine alikuwa ameketi kitandani na koti la kutokea bado mwilini. Nilimweleza, na nikamwambia nitarudi sasa hivi nimweleze mume wangu ukweli, liwalo na liwe, siwezi kukaa naye akimdhania dada yake mwoga. Kanisa zima litajua kesho. Shangazi zake watamgeuzia mgongo.

"Ukimwambia, atakufa akijua ni yeye," akasema. "Hivi atakufa akijua ni mimi. Nenda kamwambie ni kweli niliogopa, na nashukuru kwa kunielewa."

"Wifi."

"Mimi ndiye mkubwa wenu. Nenda."

Nikaenda. Nikamwambia Sioeli neno kwa neno. Akageukia ukutani taratibu, akiuangalia ule mkono usibanwe, na nikadhani amelala. Nikaanza kukunja nguo zake za hospitali kwa ajili ya asubuhi.

"Mama angekuwa hai, angeona aibu," akasema. "Si kweli, Vika?"

Nikasema ndiyo, angeona aibu.